Kahawa Aliyomeza Daktari Bando

“Ukiulizwa, sema ulitema.”

Nilimwambia Protase hata kabla ya salamu. Alikuwa ameshuka kwenye bodaboda kule barabarani, akaja kwa miguu hadi kwenye mibuni ya mwisho ya kibanja chetu, akasimama hapo kama mtu asiyeijua nyumba. Shati lake jeupe lilikuwa limejaa vumbi la njia ya Kaagya. Siku tano nilikuwa sijamtia machoni, tangu tulipomzika kaka yangu Dastan, na niseme ukweli wangu: hata ndani ya msiba ule moyo wangu ulinifanyia fujo nilipomwona. Nilitaka kumrukia shingoni. Nikabaki nimeshika ndoo ya maji kwa mikono miwili.

“Umenisikia, Protase?”

“Nimekusikia. Nilitema nini?”

“Usinifanyie hivyo. Unajua.”

Alijua, lakini alitaka kunisikia nikisema.

“Kahawa,” nikasema. “Ulitia mdomoni, Dastan akasema kata, wewe ukageuka ukatema. Basi. Ilikuwa filamu.”

“Baba yako atauliza hilo leo?”

“Leo leo. Baba mkubwa Mushumbusi ameketi sebuleni tangu asubuhi, na wazee wenzake sita. Kompyuta ya Dastan iko mezani. Wanataka kuiona filamu yote kwanza, ndipo wakuulize.”

“Siku ya kumaliza matanga, wanaangalia Daktari Bando?”

“Ndiyo. Wewe ndiye uliyevaa ile suti, usinilaumu mimi.”

Karibu acheke. Niliona midomo ikianza, kisha ikakumbuka tuko wapi. Nilimpenda kwa midomo ile. Nilimpenda kwa vidole vyake vyenye alama za moto wa kuunganishia nyaya za simu, kwa sauti yake nene iliyokuwa ikinitetemesha hata akiniuliza kama nimekula.

“Klaudia,” akasema, “nikisema nilimeza?”

“Ukisema ulimeza, wewe ni ndugu wa Dastan. Na ndugu wa Dastan ni nani kwangu?”

Akatazama chini, kwenye majani ya migomba tuliyotandaza juu ya udongo.

“Basi nitasema nilitema,” akajibu.

Ngoja nieleze, maana filamu ile watu wa Bukoba na Muleba wameizungumza mpaka wameiharibu.

Mimi kazi yangu ni kurekodi harusi na kipaimara. Kamera ni yangu, nilinunua ikiwa imekwisha kutumika, na ina tabia ya kuzima inapochoka. Dastan alikuwa mtoto wa kiume wa pekee wa mzee Kahangwa, mwenye ndoto nyingi na mfuko mtupu, na ndoto yake kubwa ilikuwa filamu ya mchawi wa kisasa. Si mchawi wa ungo na kaniki. Mchawi wa suti na tai, mwenye ofisi ghorofani na kompyuta mpakato, ambaye hutuma ujumbe wa sauti kwenye simu ya mtu, na anayeusikiliza hufa siku ya tatu. Akamwita Daktari Bando.

Kumtafuta wa kuigiza hakukuchukua muda. Rafiki yake Protase alikuwa fundi simu pale Hamugembe, mrefu, mkimya, mwenye sauti ile. Hakuwahi kuigiza hata tamthilia ya shule. Alivaa suti ya harusi ya mjomba wake, akakaa mbele ya kamera yangu, akasema, “Kata salio lake,” nami nikasisimka mwili mzima, ingawa asubuhi ile ile alikuwa amenibebea mkoba na kuniambia ananipenda.

Moshi wa kuzimu tuliupata kwa kuchoma maganda ya kahawa. Fuvu lilikuwa kibuyu. Na watu waliamini! Filamu ilipoonyeshwa kwenye ukumbi wa video Muleba, watu walitoka mbio na viatu vikabaki. Baada ya wiki moja, wateja walianza kuogopa kumwachia Protase simu zao. Mama wa nyanya alimwambia aweke hela chini, hataki kumgusa mkono. Sisi tulicheka. Dastan ndiye aliyecheka kuliko wote.

Kisha Dastan akafa. Alikuwa anarudi kutoka Muleba kwa bodaboda, saa nne asubuhi, na karibu na Kemondo lori likawafuata upande wao. Dereva wa bodaboda alivunjika mguu. Kaka yangu hakuvunjika chochote kinachoonekana. Tulimkuta amelala kama amepumzika, na flashi ya filamu iko mfukoni.

Tangu siku hiyo vijana wa Kaagya hawakusema lori. Walisema Daktari Bando.

Lakini baba yangu hakuwa mtu wa maneno ya vijana. Ni katekista miaka ishirini sasa. Siku ya pili baada ya mazishi nilimwambia mama siri yangu, kwamba mimi na Protase tunapendana mwaka wa pili huu na anataka kuleta posa. Mama akamwambia baba. Baba hakugomba. Aliuliza swali moja tu.

“Si huyu aliyekula kahawa na Dastan?”

Hapo ndipo tulipokwama, na aliyetukwamisha ni mimi.

Katika filamu kuna tajiri anayekwenda kwa Daktari Bando kutafuta mali, na Daktari anamwambia lazima kwanza wafunge omukago, udugu wa damu. Kila Mhaya anaujua, hata asiyewahi kuuona. Tunda moja la kahawa lina punje mbili. Kila mmoja hujichanja kidogo chini ya kitovu, hupaka damu yake kwenye punje moja, humpa mwenzake ameze. Wakishameza, ni ndugu kuliko waliozaliwa tumbo moja. Hawanyimani, hawadhuriani, na hawaoleani. Dada wa mmoja ni dada wa mwingine.

Aliyetakiwa kuigiza tajiri alizima simu siku hiyo kwa sababu hatukuwa na nauli ya kumpa. Dastan akasema, “Nitacheza mwenyewe.” Damu yetu ya rangi ya keki na sukari, kuku walikuwa wameipindua. Dastan akasema, “Sasa damu tunayo mwilini, tununue ya nini?” Akafungua wembe mpya. Nami nikiwa nyuma ya kamera nikaona mzaha unageuka.

Nilikuwa na nafasi ya kusema. Neno moja tu: Dastan, acha, huyu ni mchumba wangu. Lakini tulikuwa tumemficha. Tulisema filamu iishe kwanza, asije akaona tunampumbaza kwenye kazi yake. Betri ilikuwa imebaki kidogo. Nikasema moyoni, ni mchezo tu, nikanyamaza. Leo nikiukumbuka ukimya wangu ule natamani kujipiga makofi.

Tuliingia sebuleni mimi na Protase kwa milango tofauti. Wazee walikuwa kwenye viti, wanawake chini kwenye nyasi zilizotandikwa, vijana waliobeba jeneza wamejaa mlangoni na dirishani. Baba mkubwa Mushumbusi alikuwa anapitisha kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna. Kilifika kwa kila mgeni. Kilipomkaribia Protase, kikaruka kikaenda kwa jirani yake. Protase akajifanya hakuona.

“Washa,” baba akaniambia.

Nikawasha.

Mwanzoni walicheka. Bibi mmoja alipoona ofisi ya Daktari Bando alisema, “Mbona hiyo ni stoo ya Ta Evarist?” watu wakacheka tena. Moshi ulipoanza, wakapunguza. Sauti ya Protase ilipotoka kwenye kompyuta, “Kata salio lake,” mwanamke mmoja alijisogeza mbali na Protase wa kweli aliyekuwa ameketi hatua mbili kutoka kwake, mikono magotini, jasho likimtoka.

Kisha Dastan akatokea kwenye kioo.

Mama yangu, Ma Vestina, alikuwa hajasema neno tangu asubuhi. Aliinuka akaenda mpaka kwenye kompyuta, akaweka kiganja juu ya uso wa mwanawe.

“Anapumua,” akasema.

“Vestina, njoo ukae,” baba akamwambia kwa upole.

“Kahangwa, anapumua. Tazama shati lake.”

Nilimshika mama mabegani nikamrudisha kwenye nyasi. Alikuwa mwepesi mno. Kwenye kioo, Dastan alifungua vifungo vya chini, akajichanja, akaminya damu. Akainua punje ya kahawa. Akasema kwa Kihaya, taratibu, maneno ambayo mimi niliyasikia mara ya kwanza siku ile, nikadhani amekosea mstari. Mimi Dastan, mwana wa Kahangwa. Akataja ukoo wetu. Akataja mwiko wa ukoo wetu. Akasema, kuanzia leo nyumba yangu ni yako.

“Rudisha,” baba akasema.

Nikarudisha.

“Rudisha tena.”

Nikarudisha mara ya pili.

“Huyo tajiri kwenye filamu anaitwa nani?” baba akauliza.

“Bosi Kalokola,” nikajibu.

“Mbona amejitaja jina lake mwenyewe?”

Nikaiinamia kompyuta. Nilijua kwa nini. Jioni ya siku ile Dastan aliniambia tukifunga vyombo: Nimepata ndugu, Klaudia. Wewe hujui upweke wa mtoto wa kiume wa pekee. Alikuwa amefurahi kweli kweli. Nikaenda kulia chooni, nikaosha uso, nikarudi kukunja nyaya.

“Basi kwa upande wa Dastan haukuwa mchezo,” baba akasema. “Alisema jina langu. Endelea.”

Dastan akameza, koo lake likaonekana wazi. Protase naye akatia punje mdomoni, akageuza uso. Picha ikakatika, ikaja ofisi na kompyuta na moshi.

“Zima.”

Nikazima. Baba akamgeukia Protase. Hakumwita Daktari, hakumwita fundi.

“Protase, mwanangu. Binti yangu amesema unataka kumwoa. Kama kahawa ile haikushuka, sina kizuizi, wewe ni kijana mwema. Nataka uniambie mbele ya wazee hawa. Ulimeza au ulitema?”

Protase alinitazama. Jamani, macho yale! Hayakuwa yakiniuliza kitu; yalikuwa yananiaga, au yananichukua, sikuweza kujua. Kisha akamtazama baba.

“Nilitema, Tata.”

Mungu anisamehe. Kaka yangu alikuwa na siku tano ardhini, na mimi nilifurahi. Niliona shela. Niliona nyumba ndogo pale Hamugembe, na mimi nikimfokea asilete nyaya kitandani. Furaha yangu ilidumu kwa muda wa pumzi mbili.

Baba mkubwa Mushumbusi alisimama.

“Mwenzako amemeza damu yako,” akasema, “wewe umetema yake.”

“Ilikuwa filamu, mzee.”

“Yeye alisema jina la baba yake! Alijifunga peke yake. Unajua mtu aliyejifunga peke yake hupatwa na nini? Tangu babu zetu, anayeukataa omukago humuua mwenzake. Nyie vijana mnasema lori. Lori lilitumwa na nani?”

“Kaka, taratibu,” baba alijaribu.

“Nitaendaje taratibu, Kahangwa? Huyu amekaa nyumbani mwako anakwambia kwa mdomo wake kwamba alimtema mwanao!”

Pale dirishani mtu akalidaka neno hilo. “Ametema! Amekiri!” Likapokewa mlangoni, likapokewa uani. Mmoja wa waliobeba jeneza alitoka, na aliporudi alikuwa na mundu wa kupogolea migomba. Hakuuinua. Aliushika tu, akasimama njiani. Wanawake wakaanza kuvuta watoto.

Nilikuwa nimepanga uongo wangu kwa siku tatu, nikaupima kila upande, na upande huu sikuuona. Nilidhani kutema ni kuwa huru. Mhaya mzima mimi, nimesahau kwamba kutema ndiyo dhambi yenyewe.

“Protase,” baba akasema, “waitu, mwanetu, unajua ulichosema? Kama umekosea, sema sasa.”

Protase alikuwa amekwisha kuuona ule mundu. Alitazama mlango, akanitazama mimi, akaweka mikono tena magotini.

“Nimesema nilichosema, Tata.”

Hapo nikajua. Mwanaume huyu angekaa pale pale akatwe akiwa mchawi, kwa sababu mimi nilimwambia aseme neno moja kwenye mibuni. Hakuna mtu aliyewahi kunipenda hivyo na hakuna atakayenipenda hivyo tena, na mimi nilikuwa na sekunde chache tu za kuamua nimfanye nini.

“Alimeza,” nikasema.

Hawakunisikia. Nikapiga kelele.

“Alimeza! Baba, alimeza!”

“Klaudia, nyamaza,” Protase akasema.

“Sinyamazi. Mimi ndiye niliyemwambia aseme uongo. Mimi. Kwa sababu namtaka!”

Aibu gani tena ilibaki? Nikatoa simu yangu kifuani. Kile kipande kilichokatika kwenye filamu hakikukatika chenyewe, nilikitoa mimi nilipokuwa nikiunganisha picha, kwa sababu sikuweza kukitazama mara mbili. Lakini kukifuta pia nilishindwa, nikakihifadhi kwenye simu. Nilimwekea baba simu mkononi.

Ilikuwa picha ya sekunde ishirini hivi. Dastan anasema, “Kata.” Mimi sikukata, kamera ilikuwa bado inarekodi. Protase bado amefunga mdomo. Dastan anamwambia, “Fundi, usinidanganye, meza.” Protase anameza, anakunja uso. “Onyesha ulimi.” Anaonyesha ulimi. Dastan anacheka, anamkumbatia akiwa na damu tumboni, anachafua suti ya mjomba, na sauti yangu inasikika nyuma ikisema kwa uchovu, “Betri inakwisha nyie.”

Baba aliangalia mpaka mwisho. Akampa Mushumbusi. Mushumbusi akaangalia, akaipeleka mwenyewe mlangoni, akamwonyesha yule kijana. Simu ikapita mikononi mwa watu mpaka uani, na ndani tulisikia cheko la Dastan likienda mbali na kurudi. Mundu sikuuona ulikokwenda. Mushumbusi alirudi akaketi, akafuta macho kwa kiganja.

“Nimekuita muuaji,” akamwambia Protase. “Nisamehe.”

Protase hakuwa anamsikiliza. Alipiga magoti mbele ya baba.

“Tata, ni kweli nilimeza. Lakini nilikuwa nampenda Klaudia kabla ya siku ile. Padre hawezi kutufungisha?”

“Padre atawafungisha,” baba akasema. “Hata kesho. Kanisa haliijui kahawa hiyo, na mimi ninayefundisha watu katekisimu sina kifungu cha kukuonyesha.”

“Basi Tata…”

“Sikiliza. Dastan alisema jina langu. Alikupa nyumba yake, na nyumba yake ni hii. Nikikuoza dada yako, nitakuwa nimekwenda kaburini kwa mwanangu kumwambia alisema upuuzi. Ndilo jambo la mwisho zito alilofanya maishani mwake. Nifanyeje, mwanangu? Niambie wewe.”

Ndipo mama akatambaa kwenye nyasi mpaka pale Protase alipokuwa amepiga magoti, akamshika uso kwa viganja kama alivyoushika uso wa Dastan kwenye kompyuta.

“Huyu naye anapumua,” akasema. “Niachieni huyu.”

Sikuweza kushindana na hilo. Ningeshindana na ukoo, ningetoroka usiku, ningepanda meli niende Mwanza na begi moja. Lakini mama yangu alikuwa anamlilia kifuani, na Protase, aliyekuja pale asubuhi kuniomba mimi, alikuwa amemkumbatia na kulia naye.

“Akae na wafiwa,” baba mkubwa akaamuru. “Wanaume wakinyolewa, naye anyolewe.”

Walimnyoa uani, kwenye kigoda, baada ya baba. Nywele zake nyeusi zilianguka kwenye majani ya migomba. Niliziona kutoka jikoni. Mama mdogo alikuwa ameniita mara tatu niepue ndizi nami sisikii.

Chakula kilipokuwa tayari nilipewa jagi na beseni. Ni kazi ya binti wa nyumba. Nilianza kwa wazee, nikaenda kwa baba, na baada ya baba, pale ambapo siku zote aliketi Dastan, alikuwa ameketi Protase, kichwa kitupu, mdogo kuliko nilivyomjua. Nikapiga magoti mbele yake. Alinyoosha mikono, na tukawa karibu kiasi cha kusikia pumzi.

“Ungeniacha,” akanong’ona.

“Wangekuua.”

“Ningekufa nikiwa wako.”

Nilivitazama vile vidole vyenye alama za moto kwa mara ya mwisho jinsi nilivyokuwa nikivitazama, bila haraka, kimoja kimoja. Baba alikuwa anatuangalia. Mama alikuwa anatuangalia. Nikainamisha jagi, maji yakaanza kumwagika.

“Nawa, kaka,” nikamwambia.